MGONJWA ANAPOPEWA RUHUSA

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akilazwa hospitali, jamaa zake wakisha kuambiwa ugonjwa wake, swali lao la pili ni hili: "Atatoka lini?" Na siku daktari apitapo wodini akasema, "Leo tunakuruhusu," watu hushukuru, hufunga vikapu, hukunja mashuka na kwenda kutafuta usafiri. Wengi wetu twadhani kwamba kutoka hospitali ni neno moja tu la daktari na saini yake katika faili. Sivyo hata kidogo. Neno hilo la daktari huja mwisho wa kazi ndefu ya wauguzi, na kazi hiyo isipofanywa, mgonjwa aweza kurudi wodini kabla juma halijaisha, tena katika hali mbaya kuliko ile ya kwanza.

Haya nimeyapata kwa mama yangu mdogo, ambaye ni mwuguzi katika hospitali ya wilaya. Likizo ya Desemba nilikaa kwake, na kila alipotoka zamu nilimwuliza maswali, hata akaniambia, "Mwanangu, si ukaandike kitabu!" Kitabu sikiwezi, lakini naandika makala haya kwa sababu mbili. Ya kwanza, baadhi ya wenzangu wanaosoma sayansi wanataka kuwa wauguzi, na wengi wao hufikiri kazi hiyo ni kuchoma sindano tu. Ya pili ni kubwa zaidi. Mgonjwa arudipo nyumbani, karatasi zake na dawa zake hukabidhiwa nani? Mara nyingi hukabidhiwa mtoto anayesoma sekondari. Bibi hajui kusoma, mama yuko shambani, na wewe uliyekuja likizo ndiwe unayeambiwa, "Hebu tazama hapa, wameandika nini?"

Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba matayarisho ya kutoka huanza siku ileile ya kuingia. Mgonjwa bado ana homa kali, hana hakika kama ataiona kesho, naye mwuguzi yuko kando ya kitanda anauliza na kuandika. Unakaa wapi? Unaishi na nani? Nani hupika? Maji mnayapata wapi? Choo kiko umbali gani kutoka nyumbani? Mlangoni kuna ngazi? Kabla hujaugua ulikuwa ukitembea mwenyewe? Kuna dawa ulizokuwa ukitumia, za hospitali au za miti? Jamaa wengine hukasirika, wakidhani wanapelelezwa mambo ya nyumba yao. Lakini mwuguzi asipoyajua hayo mapema, atayajua siku ya kuondoka, wakati gari limekwisha kuja na hakuna tena nafasi ya kutengeneza lolote.

Mama mdogo alinieleza kazi hii kwa mfano wa zamu. Hospitalini mgonjwa ana mwangalizi saa 24. Wauguzi wa asubuhi humkabidhi kwa wale wa jioni, wa jioni kwa wale wa usiku, na kila mara hutolewa taarifa: kitanda namba sita amekula kidogo, hajapata choo tangu jana, kidonda kimesafishwa, dawa ya saa mbili amekwisha kunywa. Hapana anayeondoka bila kumwambia anayeingia. Basi kumruhusu mgonjwa ni kukabidhi zamu kwa mtu asiyevaa sare. Mtu huyo hakusomea uuguzi, ana watoto wake na shamba lake, na asubuhi hatakuja mwenzake kumpokea. Kwa hiyo taarifa yake haiwezi kuwa ya dakika tano kama ile ya wauguzi kwa wauguzi. Yataka siku nyingi.

Nichukue mfano wa mzee aliyepatwa na kiharusi, akapooza mkono na mguu wa upande mmoja. Ugonjwa huu wafaa kuwa mfano kwa sababu mgonjwa haponi wodini kisha ndipo arudi kwake. Hurudi kwake akiwa bado hajiwezi, na sehemu kubwa ya kupona kwake hufanyika nyumbani. Siku za mwanzo wauguzi hufanya kila kitu. Humgeuza kila baada ya saa mbili hivi, kwa kuwa mtu asiyeweza kujigeuza, akilala muda mrefu upande mmoja, ngozi yake juu ya mifupa hukosa damu na kuoza. Vidonda vya namna hiyo ni vigumu mno kupona. Kabla hajapewa hata maji, hupimwa kama aweza kumeza, kwa sababu kiharusi huweza kulegeza koo, na chakula au maji yakaingia katika njia ya hewa, yakaleta ugonjwa wa mapafu. Huketishwa wima ndipo alishwe, kidogo kidogo, na baada ya kula hukaa vivyo hivyo kwa muda asilazwe mara.

Sasa, mambo hayo yote yatafanywa na nani nyumbani? Hapa ndipo mwuguzi hodari ajulikanapo. Siku ya tatu au ya nne, mgonjwa akisha kutulia, humwita binti wa mzee, au mkewe, au mkwe, akamwambia, "Leo tutamgeuza pamoja." Kesho yake binti hufanya na mwuguzi hushika upande mmoja. Kesho kutwa mwuguzi husimama tu akitazama. Hufundishwa asimvute mzee kwa mkono uliopooza, maana bega lililolegea huweza kuteguka au kupata maumivu ya kudumu. Amshike kiunoni na mgongoni. Hufundishwa kuanza na mkono ule mgonjwa katika kumvisha shati, na kuumalizia katika kumvua. Mambo haya yaonekana madogo, lakini jaribu kumvisha shati mtu ambaye mkono wake mmoja haukunjiki, ndipo utajua.

Kisha lipo jambo la choo, ambalo mama mdogo alilisema bila haya, nami nitaliandika bila haya. Vyoo vingi vya kwetu ni vya shimo na vya kuchuchumaa. Mzee aliyepooza upande mmoja hawezi kuchuchumaa, na akijaribu ataanguka avunje nyonga. Mwuguzi asipouliza, hapana atakayelitaja jambo hilo, kwa kuwa ni aibu. Akiliuliza juma moja kabla, jamaa hupata nafasi ya kwenda kwa seremala wakatoboa tundu katika kiti kikuukuu cha mbao, na kuweka ndoo chini yake. Kiti hicho ni kitu cha bei ndogo sana, nacho humpa mzee heshima yake. Kwa maoni yangu, swali moja la "choo chenu kikoje?" humfaa mgonjwa huyu kuliko chupa kadhaa za dawa.

Usafiri nao waingia katika hesabu. Hospitali imemtunza mtu siku kumi na nne, halafu anatoka langoni anapakiwa kwenye bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mwanawe! Mwuguzi huuliza mapema mtakuja na nini, na kama ni mbali huwahimiza jamaa wachange fedha za teksi au bajaji. Malipo ya hospitali hali kadhalika. Aliye na bima mambo yake ni mepesi kidogo, na asiye na kitu hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, lakini apelekwe akiwa angali kitandani, isiwe siku ya ruhusa jamaa waanze kuhangaika kutoka dirisha hadi dirisha.

Liko kosa moja ambalo mama mdogo alisema hutokea hata palipo na wauguzi wazuri, nalo ni kumfundisha mtu asiyehusika. Siku ya kutoka huja kijana mkubwa kutoka mjini, mwenye gari na fedha za kulipa. Ana suti, anajua kujieleza, naye ndiye anayesikiliza maagizo yote huku akitikisa kichwa. Kesho yake jioni amerudi mjini kazini kwake. Anayebaki na mgonjwa ni mjukuu wa miaka kumi na minne ambaye hapana aliyemwambia neno. Ndiyo maana mwuguzi huuliza, "Usiku mgonjwa akitaka maji, atamwita nani?" Mtu yule atakayetajwa ndiye wa kufundishwa, hata kama ni mdogo, hata kama hana viatu.

Jambo la namna hii lilitokea upande wetu. Mzee mmoja alirudi kutoka hospitali akiwa na mpira wa mkojo na mfuko wake. Hapana aliyewaeleza wa nyumbani namna ya kuutunza. Wao kwa heshima ya mzee waliona vibaya mfuko uning'inie chini, wakawa wanauweka kitandani ubavuni pake, wengine wakiutundika juu ya msumari ukutani. Mkojo ulikuwa ukirudi ndani. Baada ya siku chache mzee alishikwa na homa na kutetemeka, akarudishwa hospitali, akakaa muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Kumbe maneno yaliyohitajika yalikuwa machache: mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu wakati wote, usiguse sakafu, umwagwe kabla haujajaa, na anayeumwaga anawe mikono kwa sabuni kabla na baada. Nilipomsimulia mama mdogo habari hiyo, sikutaka kusikia udhuru wowote, lakini yeye aliniuliza kama najua wodi ile ilikuwa na wagonjwa wangapi siku hiyo na wauguzi wangapi. Sikujua. Hata hivyo nasema maneno manne hayo yangeweza kusemwa.

Tena, kusema peke yake hakutoshi. Mwuguzi akimwuliza mgonjwa, "Umeelewa?" atajibiwa, "Ndiyo, nimeelewa." Sisi wanafunzi twalijua jibu hilo vizuri sana, twalitoa kila siku katika somo la hesabu. Mgonjwa naye hulitoa kwa adabu, au kwa kuogopa kuonekana mjinga, au kwa sababu anataka kwenda zake. Kwa hiyo wauguzi hufundishwa kugeuza swali. Husema, "Ukifika nyumbani, mama atakuuliza hospitali wamekuambia nini. Utamjibuje?" Hapo mgonjwa huanza kueleza kwa maneno yake mwenyewe, na palipo na kasoro huonekana papo hapo. Kasoro ikionekana, mwuguzi hamlaumu mgonjwa. Huchukua kuwa yeye ndiye hakueleza vema, akaeleza tena kwa njia nyingine, kisha akamsikiliza tena.

Chukueni kibahasha cha dawa. Juu yake huandikwa 1 x 3 au 2 x 2. Kwa mwenye kuandika, maana yake ni kidonge kimoja mara tatu kwa siku, yaani kila baada ya saa nane, au vidonge viwili mara mbili. Lakini yuko anayesoma "kimoja mara tatu" akameza cha asubuhi, cha saa nne na cha mchana, amalize mapema apate kupumzika, kisha akakaa usiku kucha bila dawa. Yuko anayesoma tarakimu hizo kama hesabu ya kuzidisha, akameza vitatu kwa pamoja. Mwuguzi mwenye busara huacha tarakimu akatumia mambo ya nyumbani: hiki baada ya chai ya asubuhi, hiki watoto wakitoka shule, hiki wakati wa kulala. Kwa asiyejua kusoma huchora jua na mwezi juu ya kibahasha.

Hatari nyingine iko katika dawa za zamani. Mzee wetu wa kiharusi alikuwa na presha tangu zamani, na chini ya mto wake nyumbani kuna vidonge alivyopewa mwaka jana. Hospitali imempa vingine. Majina ya juu ya pakiti hayafanani, lakini huenda dawa iliyo ndani ni ileile moja. Akinywa vyote viwili presha itashuka mno, ataona kizunguzungu, ataanguka. Kwa hiyo jamaa huambiwa walete dawa zote zilizoko nyumbani katika mfuko, na mwuguzi pamoja na mfamasia huzipanga: hizi endelea, hizi acha, hizi turudishie. Na katika zile za kuendelea, mgonjwa huelezwa kwamba dawa ya presha hainywewi kwa ajili ya maumivu. Haina siku ya kupona ukaiacha kwa kuwa unajisikia vizuri. Wengi hupatwa na kiharusi cha pili kwa sababu hiyo tu.

Mwenye ugonjwa wa kisukari anayetumia insulini ana shida yake peke yake. Dawa hiyo haipendi joto. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na ile iliyofunguliwa huweza kutumika kwa wiki nne hivi mahali pasipo na joto kali. Sasa mwambie hivyo mtu ambaye kijijini kwao hamna umeme, uone atakavyokutazama. Zamani huenda angeambiwa tu "weka kwenye friji" na maneno yakaishia hapo. Lakini yapo matayarisho yanayofaa: mtungi wa udongo. Maji yanapopenya katika kuta za mtungi na kukauka kwa upepo, huchukua joto pamoja nayo, na ndani ya mtungi hupoa. Tulisoma jambo hilo katika fizikia, tukaliandika katika daftari, wala sikufikiri kuwa kuna mtu anaishi kwalo. Insulini hutiwa katika kitu kikavu kilichofungwa vizuri, kisha ndani ya mtungi uliowekwa kivulini. Haifikii ubaridi wa friji, lakini ni bora mara nyingi kuliko kabati chini ya bati la jua kali. Isigandishwe pia, maana ikiganda imeharibika.

Fikira hii ya kwamba uuguzi una nyumba mbili, hospitali na nyumbani, si ngeni. Florence Nightingale, Mwingereza aliyetunza askari katika vita vya Crimea kuanzia mwaka 1854, aliandika kitabu cha uuguzi kilichotoka mwaka 1859, na hakukiandika kwa ajili ya wauguzi wa hospitali, bali kwa wanawake wa kawaida wanaotunza wagonjwa wao majumbani. Mwaka huohuo, mfanya biashara mmoja wa Liverpool aitwaye William Rathbone, baada ya mkewe kutunzwa na mwuguzi nyumbani hata akafa, alimwajiri mwuguzi yuleyule azunguke kuwahudumia maskini katika nyumba zao. Huo ulikuwa mwanzo wa wauguzi wa mitaa huko Uingereza.

Lakini mfano unaonipendeza kuliko yote watoka Bogotá, mji mkuu wa Colombia, katika Amerika ya Kusini. Mwaka 1978 hospitali moja kubwa ya wazazi huko ilikuwa imejaa mno. Watoto waliozaliwa kabla ya wakati walikuwa wengi, na mashine za kuwapa joto zilikuwa chache, hata ikawa watoto kadhaa huwekwa katika mashine moja. Wakaambukizana magonjwa, na wengi wakafa. Daktari Edgar Rey Sanabria akaleta shauri ambalo bila shaka wengine waliliona kuwa ni wazimu: mtoto afungwe kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, akiwa wima, anyonye maziwa ya mama, na wakionekana kuwa imara waruhusiwe kwenda nyumbani mapema, bila kungoja uzito fulani, ila warudi kliniki mara kwa mara. Mama akawa ndiye mashine ya joto. Njia hiyo ikaitwa ya kangaruu, kwa kuwa mnyama yule wa Australia huchukua mtoto wake katika mfuko wa tumboni. Leo imeenea duniani, na hospitali nyingi za kwetu zina chumba chake. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo, akae kifuani namna hiyo kati ya saa 8 na saa 24 kwa siku, kwa kadiri iwezekanavyo.

Tazameni sasa jinsi ruhusa ya mtoto huyu inavyopimwa. Haitazamwi mizani peke yake. Mwuguzi hutazama kama ananyonya na kumeza bila kuchoka, kama anaongezeka uzito kila siku, na kipimo kinachotumika sana ni gramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake. Hutazama kama joto lake halishuki akiwa kifuani. Halafu humtazama mama. Je, anamfunga mwenyewe bila kusaidiwa? Analala naye hivyo usiku bila hofu? Anajua dalili za hatari: mtoto kukataa kunyonya, kupumua kwa shida, mwili kuwa wa baridi au wa moto, kulegea, kugeuka rangi ya manjano? Na nyumbani yuko nani wa kumpokea mtoto mama aendapo kuoga? Baba naye aweza kumfunga mtoto kifuani, na kifua chake kina joto lilelile. Mama mdogo asema baba wengi hucheka waambiwapo hivyo, kisha wakisha kumbeba mara moja hawataki kumrudisha.

Wapo pia wale wanaoruhusiwa kwenda nyumbani bila matumaini ya kupona, kama wenye saratani iliyoenea. Watu husema, "Wamemrudisha aje kufa." Usemi huo ni mkali, na mara nyingi hutokana na kazi iliyofanywa nusu. Mgonjwa huyo ana haki ya matayarisho kuliko wote. Wenzetu wa Uganda wametutangulia katika jambo hili: tangu mwaka 2004 sheria yao huwaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu ya kutunza wagonjwa wa namna hiyo kuwaandikia dawa ya maji ya mofini, ipozayo maumivu makali. Dawa hiyo hunywewa kila baada ya saa nne, na wakati wa kulala kipimo huweza kuandikwa maradufu ili mgonjwa na anayemtunza wasiamke usiku wa manane. Pamoja nayo huandikwa dawa ya kulainisha choo, kwa sababu mofini hufunga choo. Jamaa wasipoambiwa hilo, wataiacha dawa yenyewe, na mgonjwa atakaa na maumivu yake.

Mwisho nilimwuliza mama mdogo habari yetu sisi wa bweni. Mwanafunzi akilazwa kwa malaria kali kisha akaruhusiwa, harudi kwa mama yake, arudi bwenini. Je, zamu yake anakabidhiwa nani? Alisema hilo ni swali ambalo mwuguzi wa wodi hulazimika kumwuliza mwalimu aliyekuja kumchukua, na asiridhike na jibu la "tupo wengi."

Mambo yenyewe ni haya. Mgonjwa wa malaria kali huchomwa sindano za artesuneti: ya kwanza anapofika, nyingine baada ya saa 12, nyingine ikitimia saa 24, kisha moja kila siku mpaka aweze kunywa dawa. Baada ya hapo hupewa dawa mseto ya vidonge, dozi kamili ya siku tatu. Kwa mtu wa kilo 35 na kuzidi ni vidonge 24, vinne kwa mara sita. Mara ya pili huwa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Tena vimezwe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwa kuwa bila hivyo haviingii vema mwilini. Uji wetu wa asubuhi hauna mafuta, wote twajua, kwa hiyo matroni ahitaji kuambiwa apate kumtafutia mgonjwa kikombe cha maziwa au karanga. Mvulana aliyetoka hospitali hujiona mzima siku ya pili, akaviacha vidonge vilivyobaki sandukuni au akamgawia rafiki mwenye homa. Wote wawili hawakutibiwa.

Liko na jambo jingine, ambalo wachache wanalijua. Baada ya sindano hizo, kati ya juma la kwanza na la nne, damu ya wagonjwa wengine hupungua ghafula. Mtu huona mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanageuka manjano, anapauka, anachoka kwa hatua chache. Kwa hiyo mgonjwa hupewa siku ya kurudi kupimwa damu, na tarehe hiyo huandikwa katika karatasi ya ruhusa. Hapo pia huandikwa kama asamehewe mchakamchaka na kazi za shamba, na kwa siku ngapi. Karatasi hiyo si ya kukaa mfukoni mwa mgonjwa wala ndani ya daftari lake. Mwalimu aliyemleta huisoma mbele ya mwuguzi na kuuliza asilolielewa, naye matroni huipokea jioni ileile pamoja na vidonge vyote vilivyohesabiwa. Kiranja wa bweni naye huelezwa dalili zile za hatari, kwa kuwa yeye ndiye anayelala chumba kimoja na mgonjwa, na usiku mtu akiita, ndiye atakayesikia.